Miguu ya Yangeyange: Historia ya Mama Usipumue

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi nyote mliofunga kazi zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, binti wa kaka yake, niwasomee historia ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Usipumue, na wamenisihi niisome kwa upole, nami nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu na binti pekee wa muuguzi na seremala, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya ukuta huohuo, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu chuo cha afya katika fani ya eksirei.

Alifanya kazi katika hospitali ileile mpaka alipostaafu mwaka 2016, na jina lake alilipatia humo, kwani kila aliyesimama mbele ya mashine yake aliambiwa, "Vuta pumzi, usipumue," na mara nyingine yeye mwenyewe akasahau kumruhusu mtu apumue, hata wauza mboga sokoni wakawa wanampigia kelele, "Mama Usipumue, turuhusu basi, tunakufa huku!"

Mwaka 1986 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, walioketi hapa mbele, na ni mumewe huyo aliyemnunulia kamera ya kwanza, halafu akajuta kwa mzaha miaka yote, maana kila Jumamosi alitakiwa kumpeleka kwenye mabwawa ya majitaka nje ya mji, wanakojilia kwa raha zao ndege wa majini, yangeyange, korongo na heroe, naye akilalamika, "Wenzako wanapelekwa bustanini, mke wangu, wewe unanileta kwenye choo cha mji mzima?"

Shangazi aliwataka ndege hao wakiwa hewani tu, lakini hakumrushia hata mmoja jiwe wala kumpigia makofi ili aruke, alikaa kwenye kigoda akimtazama mpaka ageuke kuukabili upepo, akunje magoti na, mniwie radhi, ajisaidie, kwa sababu wengi wao hupunguza mzigo kabla ya safari, na hapo ndipo alipobonyeza kamera.

Ndiyo maana tuliumia, na mimi sijapoa kabisa, mwaka 2021 chama cha wapiga picha kilipoiondoa kwenye maonyesho picha yake ya yangeyange walio hewani juu ya maji, miguu ikining'inia, na kumfungia asishiriki tena, eti miguu ile ni ushahidi kwamba ndege walikurupushwa kwa jiwe karibu na viota vyao, naye alipowaambia walikuwa wanatua, wakasema kila mtu angejitetea hivyo, hukumu gani hiyo jamani, na tangu siku hiyo hakurudi mabwawani.

Mwaka jana moyo wake ulianza kushindwa kazi, akalazwa, na tulipomuuliza anataka nini alitaka jambo moja, asife akiitwa mtesa ndege, basi nikaenda kwa mwenyekiti wa chama, mwenye studio ya picha za pasipoti, na hoja zangu nimezipanga kama za mdahalo, lakini sikuifikia hata ya pili, kwani aliikuza picha kwenye skrini, akasema, "Binti, hebu tazama vidole vya miguu yao," vilikuwa vikavu, havina hata tone, na maji chini yao yametulia kama kioo, wakati ndege anayeruka kutoka majini huondoka akichuruzika.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe wodini, akasema mbele ya wauguzi na wagonjwa, "Mama, tulidhani wanaruka, kumbe wanatua, tumekukosea, picha inarudi ukutani," naye Shangazi akamjibu, "Mwenyekiti, hata eksirei ukiishika upande usio wake utampasua mtu mguu usiouma," wodi nzima ikacheka, na usiku ule akalala usingizi ambao hatukuwa tumeuona kwa muda mrefu.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 14 Juni mwaka huu, bila maumivu, mumewe akiwa kando yake, na sisi tunalia, lakini tunalia tukiwa tumetua mzigo, kwa kuwa tulichokiogopa kuliko kifo ni kumzika na lawama isiyo yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kupanga viti, wenzake wa chumba cha eksirei, na wewe Mwenyekiti uliyeketi safu ya tatu, wanaokosea ni wengi, wanaofunga safari kuja kulisema kosa lao ni wachache, asante.

Shangazi, pumzika kwa amani, jina lako ni safi, na aliyelichafua amelisafisha kwa mkono wake mwenyewe.