Wivu Ulionipandisha Ngazi za Mkopeshaji

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu na mashoga zangu, hamjambo? Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniambia niseme kwa kifupi, lakini kaniambia huku anacheka, maana ananijua. Mimi nikianza kuongea, chai inapoa. Basi anayetaka kunywa anywe, masikio aniachie mimi.

Sitataja jina la mtu. Ukihisi nakusema wewe, jikaze tu, hakuna atakayejua.

Niwaambie kwanza ugonjwa wangu. Mimi nina wivu. Sisemi nilikuwa nao, nasema ninao. Wenzangu waliosimama hapa wiki zilizopita walisema walikuwa hivi na hivi, sasa wameacha. Mimi sijaacha kitu. Hata sasa hivi namwona yule dada pale na hereni zake, roho inaniuma. Cheka tu, mwenzangu, lakini hereni ni nzuri.

Sasa nisikilizeni. Zamani kidogo tulikuwa tunakaa Ilala, vyumba viwili na sebule, choo cha ndani. Mume wangu anafanya kazi na watu wa kutoa mizigo bandarini. Kuna wiki hela inaingia, kuna wiki hata nauli hana. Mimi nauza kwenye duka la vitenge Kariakoo. Duka si langu, ni la mzee mmoja wa Kiarabu, mimi nakata na kukunja, mwisho wa mwezi napewa changu. Tuna watoto wawili wa kike. Hela yetu ilikuwa inatosha kula na kulala. Tatizo ni kwamba tulitaka kula na kulala kama watu wengine.

Na nawaambieni, ukitaka kumtesa mtu mwenye roho ya kwa nini, mpe kazi kwenye duka la vitenge. Wanakuja akina mama kumi, wanachagua sare ya harusi, wanabishana rangi, wanalipa, wanaondoka wanacheka. Mimi nimebaki na mkasi. Jirani yangu wa Ilala akanunua makochi mapya, yale makubwa yanayojaa sebule. Sikulala. Mwezi ule ule na mimi nikachukua makochi kwa mkopo. Mlango wangu ulikuwa mdogo, ikabidi tuyaingize dirishani, mtaa mzima unaangalia. Nilifurahi sana kuangaliwa.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Baadaye mume wangu akabadilika.

Simu yake ikawa inaita kila Ijumaa. Jina limeandikwa Fundi Bomba. Jamani, bomba letu lilikuwa halijawahi kuharibika! Akipokea anatoka nje, anaongea kwa sauti ya chini, mkono mdomoni. Siku moja nikasogea mlangoni nikasikia upande wa pili sauti ya mwanamke. Moyo ulinipasuka. Hela ya matumizi akawa anaacha nusu. Nikimuuliza, ananiambia bandarini mambo magumu. Anakonda, anakaa kimya, akiniona anageuza simu kifudifudi.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Nyumba ndogo. Na mimi nilifikiri hivyo hivyo.

Mwanamke mwenye akili angemuuliza mumewe. Mimi nikaamua kushindana. Nikasema, kama kuna mwanamke mahali, lazima ananizidi kupendeza, na mimi sikubali kuzidiwa. Shoga yangu mmoja akanipeleka ghorofani Kariakoo kwa dada anayetoa mikopo, hii ya riba kubwa na marejesho ya kila wiki, tunayoiita kausha damu. Dada mwembamba, pete vidole vyote, sauti ya kubembeleza. Akaniuliza nyumbani nina nini cha kuweka dhamana. Nikamtajia vyote, makochi, runinga. Akanipa hela siku ile ile.

Nikanunua nywele. Nikanunua manukato, mapazia, madera ya kubadilisha kila siku. Marejesho yakaanza kunibana, nikakopa tena kulipia, nikajumlisha na friji ya milango miwili, nayo ikaingia kwenye dhamana. Wahenga walisema ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Mimi nilikuwa namwiga tembo ambaye hata sijamwona.

Na kilichonichanganya zaidi, mume wangu naye akaanza kuniletea zawadi. Leo kiatu, kesho saa ya mkononi. Nikajua tayari, anajisafisha dhambi. Kila alipoleta zawadi, mimi wivu ulizidi.

Basi Ijumaa moja ameniaga asubuhi kwamba anashinda bandarini. Mchana niko dukani, nimeshika mita, namwona huyo anapita mtaa wetu, shati la kupiga pasi, hatazami kulia wala kushoto. Nikamwambia tajiri wangu tumbo limenishika. Mzee wa watu akanionea huruma, akaniambia nikanywe maji ya tangawizi. Nikatoka mbio.

Nikamfuata katikati ya watu na machinga, nikijificha nyuma ya mabegi yaliyotundikwa. Akakata kona, akaingia kwenye ghorofa moja. Nikaliangalia lile ghorofa. Nalijua! Ni kwa yule dada wa pete!

Hapo akili ikaniruka kabisa. Nikasema, kumbe ni huyu! Hela ninayohangaika kumpelekea kila wiki ndiyo anayonunulia manukato ya kumvutia mume wangu. Na mimi mwenyewe ndiye ninayemlea!

Lakini kulikuwa na jambo moja. Nilikuwa sijapeleka marejesho wiki mbili, na simu zake nilikuwa sipokei. Nikipanda kule juu, nitadaiwa mbele za watu. Nikasimama chini ya ngazi, mguu mmoja umepanda, mwingine umebaki. Woga unanivuta chini, wivu unanivuta juu. Mnanijua. Wivu ukashinda. Leo ni leo, asemaye kesho mwongo.

Nikasukuma mlango. Nilitegemea kuwakuta wawili. Nikakuta benchi refu limejaa watu wazima wamejiinamia kama wanasubiri sindano. Mume wangu kakaa mwisho wa benchi, kofia mapajani. Yule dada amesimama mbele yake anamfokea.

"Baba mzima, kila Ijumaa hadithi! Mimi meli inanihusu nini?"

Mume wangu anasema, "Dada, nivumilie mpaka mzigo utoke."

Halafu dada akaniona. "Ee! Mama, leo umekuja mwenyewe bila kupigiwa? Karibu. Wiki mbili zile umekuja nazo?"

Mume wangu akainua kichwa. "Mnajuana?"

"Tutaachaje kujuana? Huyu ni mteja wangu!" Dada akatutazama, mmoja, halafu mwingine. "Subiri. Nyie mnakaa nyumba moja? Friji ya milango miwili, kochi la kahawia, runinga. Mmeniwekea dhamana friji moja watu wawili! Niikate katikati?"

Benchi zima likacheka. Watu wenye madeni yao, wakatucheka sisi. Dada akatupa mpaka mwisho wa mwezi. Tusipolipa, anatuma gari kuzoa vitu vyote.

Tulishuka ngazi. Tulitembea kwa miguu mpaka Ilala. Karibu na nyumbani nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema kazi zilipungua akaona haya. Akakopa kidogo, namba ya yule dada akaiandika Fundi Bomba ili nisijue. Kisha akasema, "Halafu nikaanza kukuona una nywele mpya, madera mapya, friji. Hela za duka nazijua. Nikajua kuna mwanaume anakuhonga. Ndiyo nikakopa nikuletee na mimi zawadi. Sikutaka anizidi."

Ndugu zangu, nilikaa chini pale pale kwenye ukingo wa mtaro. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mimi nashindana na mwanamke ambaye hayupo, yeye anashindana na mwanaume ambaye hayupo, na wote wawili tunamlipa yule dada! Kukopa harusi, kulipa matanga, sisi matanga tulikuwa tunayalipa mara mbili.

Akaniambia, "Tuhame. Tuuze kila kitu kabla hajakichukua, tukatafute chumba kimoja." Jana yake angeniambia hivyo ningemtoa macho. Nihamie chumba kimoja wifi zangu wanione? Lakini nilimwangalia yule mwanaume aliyekonda kwa ajili ya kunionea wivu mimi, nikamwambia twende.

Tuliuza wenyewe. Makochi yakatoka dirishani kama yalivyoingia. Na aliyeyanunua ni nani? Jirani yuleyule. Ya kwake alimpa mama yake, yangu akayaweka sebuleni.

Hela ile ililipa sehemu. Iliyobaki ilikuwa kubwa bado, lakini dada wa pete akakubali tuilipe kwa mafungu. Tukaja hapa Buguruni, chumba kimoja, pazia katikati, watoto upande huu sisi upande ule. Tukakubaliana tutakula kwa hela ya mshahara wangu peke yake, na ya bandarini yote iende kwenye deni, iwe nyingi, iwe kidogo. Tukala dona. Tukala dagaa na mchicha, maharage, dagaa tena. Nyama tuliisikia harufu tu kwa wapangaji wenzetu. Mimi Kariakoo nikawa naenda na kurudi kwa miguu, nywele nikasuka twende kilioni za kawaida. Hakuna vocha ya kupiga umbea.

Mnafikiri njaa ndiyo iliyoniumiza? Wapi! Wivu. Mpangaji mwenzangu ana friji, anauza barafu, na mimi niliyekuwa na milango miwili natuma mtoto akanunue barafu kwake. Kila akifungua ile friji nasikia mlango unavyolia, roho yangu nayo inalia.

Halafu mtihani wenyewe ukaja. Mdogo wa mwisho wa mume wangu anaolewa. Wifi yangu mkubwa akaniletea kitambaa cha sare mpaka mlangoni, zambarau, kinang'aa. "Chukua tu wifi, utalipa kidogo kidogo."

Kidogo kidogo! Nilikishika kile kitambaa. Naijua bei yake, nimekikata mwenyewe dukani. Nikaona jinsi nitakavyotokea. Nikaona wote wamependeza na mimi sipo. Wallahi nilitamani. Kisha nikamtazama mume wangu, ameketi mlangoni anashona kiatu chake kwa uzi. Nikamrudishia wifi kitambaa mikononi. Aliondoka bila kuaga.

Siku ya shughuli nilivaa dera langu la zamani, limepauka mabegani. Chini ya turubai wote zambarau. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Wasio na sare wakae nyuma, wanaharibu picha." Nilitamani ardhi inimeze. Sikukaa nyuma, nilikwenda jikoni. Bora nimenye vitunguu, nikilia watu wadhani ni vitunguu.

Kule uani nikakuta wanawake watatu hawana sare wanapika pilau. Na wa nne amevaa zambarau kamili, amejibanza nyuma ya sufuria. Nikamuuliza mbona hachezi. Akasema kwa sauti ndogo, "Hii niliyovaa sijailipia. Anayenidai yuko pale mbele anamtunza bibi harusi. Nikitokea ataniumbua." Akaliangalia dera langu lililopauka, akaligusa begani. "Mwenzangu, nakuonea wivu."

Mimi! Naonewa wivu mimi! Tangu nizaliwe sijawahi kuonewa wivu kwa kitu cha kweli. Makochi yangu yalikuwa ya mkopo, nywele za mkopo, friji ya mkopo. Dera hili bovu lilikuwa langu. Nilinyoosha mgongo nikapakua pilau la watu wote.

Wale wanawake wa jikoni ndio tulioanza kuweka vijisenti vyetu pamoja. Wako humu, sitawataja, na yule wa zambarau yumo, maliza chai yako, dada.

Ilichukua muda. Kuna mwezi tulirudi nyuma, mtoto aliugua. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na tulilipa. Siku ya mwisho tulipanda ngazi zile wote wawili. Yule dada wa pete akapokea, akatabasamu, akasema sasa sisi ni wateja waaminifu, anaweza kutupa mara mbili ya mwanzo, hata leo. Nilimwona mume wangu anameza mate. Nikamshika mkono nikamtoa nje kama ninavyomtoa mtoto kwenye duka la pipi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenye nyumba wetu aliyekubali kodi ya mwezi kwa mwezi. Namshukuru tajiri wangu, ambaye siku nilipomweleza lile tumbo lilikuwa tumbo gani, alicheka mpaka miwani ikadondoka, na hakunifukuza. Nawashukuru ninyi. Namshukuru baba watoto, ambaye hivi sasa yuko nyumbani anafua, msimcheke.

Neno langu ni dogo. Jikune mkono wako unapofika, hilo mnalijua. Mimi naongeza kwa wenye wivu wenzangu. Sisi swali letu ni moja, "Ulikuwa wapi?" Liacheni. Muulize mwenzako, "Unadaiwa na nani?" Hilo ndilo gumu, na ukiliuliza ujiandae nawe kuulizwa.

Sisi tunaulizana kila wiki. Leo asubuhi nimemuuliza, akajibu, "Sidaiwi na mtu." Nikamtazama machoni kwa wivu wangu wote, nikamwamini.