Mutoto Iko Wapi?

Bamama na bapapa wa shirika letu la sala, mumezoea kuniona ninanyamaza pale nyuma karibu na mulango. Leo mutanivumilia. Sitataja jina la mutu. Wengine watajitambua, na wajitambue tu.

Miye ni infirmière. Miaka kumi na nane ninachoma watu sindano kwenye kituo kimoja cha afya pale Birere. Madokteri vijana wanafika, wananiuliza, "Mama, hapa tunafanya nini?" Ninawaonyesha, kisha wao ndio wanatia saini. Mumoja alishika stetoskopi namna mutu anashika kamba ya mbuzi, na mugonjwa akamushukuru yeye. Siku ile nikasema: nitasoma udaktari, hata kwa hii miaka yangu makumi ine na mbili.

Shemeji yangu alicheka mpaka chai ikamutoka puani. "Utamaliza wakati wa kujitibu uzee." Mutu mwenye barua zake zote ninamusomea miye.

Basi nikabeba dosiye ya karatasi zangu, na diplome yangu ya zamani ndani, nikaenda fakilte ya udaktari. Kwenye giche, lile dirisha la kuandikisha, kulikuwa kijana wa kola chafu, anatafuna kalamu. Hata macho hakuinua vizuri. "Mama, mutoto iko wapi?"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilianguka. Jibu lilikuwa mudomoni: ni miye. Lakini vijana walikuwa wamepanga mustari nyuma yangu, wananiangalia, na haya ikanishika. Nikasema, "Amebaki nyumbani." "Anaitwa nani?" Nikataja jina la binti yangu. Huyo anashona nguo pale Murara, na akiona damu ya kuku anaketi chini.

Wale wote nimewasema ninawadharau, sifichi. Lakini siku ile sikumudharau mutu kuliko miye mwenyewe. Nilirudi na fomu yenye jina la mutoto, nikaificha chini ya godoro wiki mbili. Kuandikisha kulikuwa kunafungwa Ijumaa.

Alhamisi binti akaikuta akitandika kitanda. "Mama, nani alikuambia miye ninataka kupasua watu?" Nikalia, nikamueleza yote. Hakunibembeleza hata kidogo. Alisema, "Vaa viatu."

Kwa giche tukamukuta yule yule, na kalamu ile ile. Akamuchekea binti yangu. "Aa, mutoto amefika."

"Mutoto si miye," binti akamujibu. "Nimeleta mama aandikwe."

Kijana akaangalia diplome, akaangalia uso wangu, akaanza kutafuta mahali pa kutukwamisha. Akapapata kwenye mustari wa chini wa fomu mupya aliyotupa: saini ya muzazi ao mulezi. "Bila hii sipokei." Wazazi wangu wote wako makaburini. Nimezaa watoto ine, na huyu ananiomba saini ya baba.

Binti akachukua ile kalamu ya kutafunwa, akaipangusa na kitenge chake, akatia saini pale kwa mulezi. Kijana akagonga muhuri.

Nilifanya mutihani, nikapita, Jumatatu ninaanza. Asante kwa mama mumoja hapa mwenye alichukua zamu zangu ili nisome. Na wewe mwenye kuona haya, ukiulizwa mutoto iko wapi, inua mukono wako.

Shemeji sasa ananiita dokteri mbele ya watu. Simujibu. Mwenye ninamujibu ni binti yangu: jana ameniambia kila mwisho wa mwaka nimuletee bulletin ya alama zangu, aisome kwanza, ndipo asaini.