Reli ya Kuzunguka

IGNACE: Alo? Nani huyo?

BERTILLE: Dada yako mukubwa. Ama Lubumbashi imekusahaulisha sauti yangu?

IGNACE: Yaya Bertille! Jambo. Papa anaendelea—

BERTILLE: Jambo ngojea. Katoni yako ilifika.

IGNACE: Treni ya muchezo! Papa alifurahi?

BERTILLE: Alifurahi mpaka transfo yake ya umeme ikatoa moshi.

IGNACE: Moshi? Mulifanya nini?

BERTILLE: Tulifanya nini! Tuliichomeka kwa umeme wa Kalemie, ule unapotea, kisha unarudi na hasira. Nilikuambia utafute yenye kutumika na batri. Nilikuambia ama sikukuambia?

IGNACE: Kitu kimetoka Ulaya, munakichoma siku moja! Hamujue kutunza—

BERTILLE: Usinipigie kelele!

IGNACE: Ni wewe njo unapiga kelele!

(Mutandao unakwaruza.)

BERTILLE: ...na hizo reli! Nani alikutuma ulete duara?

IGNACE: Inazunguka juu ya meza, muzee anaangalia, roho inatulia. Shida iko wapi?

BERTILLE: Papa alikuwa mashinisti, Ignace. Aliendesha treni toka Kabalo mpaka hapa. Ulishaona treni inazunguka Kalemie? Hapa reli inakwisha. Mbele ni ziwa!

IGNACE: Yaya, ni muchezo tu.

BERTILLE: Muchezo? Amechonga gare, stesheni nzima, kwa mbao, na benchi, na dirisha la kukatia tikiti. Treni yako ikapita mbele ya gare, ikapita tena, ikapita tena. Akaniuliza, "Na watu watashuka saa ngapi?"

IGNACE: ...Macho yake yanaona bado?

BERTILLE: La kushoto limekwisha. La kuume, munganga anasema halitafika Noeli. Na sasa hivi yuko barazani, anafunga waya moja kwa moja kwa batri ya pikipiki. Treni inakimbia kama mwizi, inaanguka chini, anaipapasa, anairudisha.

IGNACE: Mukataze! Ataunguza mota!

BERTILLE: Mukataze wewe! Nataka reli za kunyooka. Za nikeli, za chuma zitashika kutu na huu upepo wa ziwa. Na transfo ya batri, yenye kupunguza mwendo, treni ifike polepole, isimame.

IGNACE: Sawa, sawa. Bibi yangu Tina anapanda ndege juma ijayo, nitamupa.

BERTILLE: Tina! Maziko ya Mama, ulituma Tina na maua. Tina njo mutoto wa Papa?

IGNACE: Usianze, Yaya. Papa njo alinifukuza! Juu ya kukataa kazi ya reli, akasema nisikanyage tena kwake!

BERTILLE: Na yeye njo anajenga gare! Unafikiri anangojea nani ashuke pale, mupumbavu wewe?

IGNACE: Haiko rahisi kama—

BERTILLE: Sikuombi rahisi! Simu inalia, inite za kupigia zinakwisha. Nani analeta reli? Sema!

IGNACE: Yaya, sikia... mwambie afungue ile waya. Asiwashe tena treni mpaka nifi—

(Tii, tii, tii.)

BERTILLE: Alo? Mpaka ufike? Ignace! Maliza neno, shetani wewe! Alo?

(Anaweka simu chini, anageukia baraza.)

BERTILLE: ...Papa. Papa, fungua waya. Ndiyo, alikuwa yeye. Hapana, usiwashe. Treni bado iko njiani.