Risala ya Washonaji kwa Mwandishi wa Shangazi Dereva, Kabla Katibu Hajarudi

KARIBU

Mgeni rasmi, mwandishi wetu wa vitabu vya Shangazi Dereva, shikamoo, na karibu sana katika karakana yetu ya kushona sare za shule. Kiti ulichokalia ni cha msimamizi. Kitambaa kilichotandikwa mezani kwako ni cha kaptura, kwa hiyo tunaomba chai isikimwagikie, maana Jumatatu kinakatwa.

Kwanza tutoe maelezo kidogo. Ratiba uliyopewa inasema risala itasomwa na Katibu wetu, Mpiga Pasi, baada ya chai. Risala hiyo ipo. Ameiandika mwenyewe, ameinyoosha kwa pasi, na utaisikia. Hii ni nyingine. Katibu ametoka kwenda kumchukua mama yake, na sisi tuliobaki tumeona bahati haiji mara mbili. Dereva wa gari la karakana ameambiwa apige honi akifika kwenye kona. Honi ikilia, mwenyekiti wetu Mkata Nguo, anayekusomea hapa, ataruka hadi kwenye shukrani, popote atakapokuwa amefika. Tafadhali usishangae.

TULIKOTOKA

Umoja wetu wa wasomaji ulianza kwa sababu redio ya karakana iliharibika. Vyerehani vina kelele nyingi lakini havina habari. Mshonaji wa kola wa siku zile, mama tunayemwita Bibi Sindano, akasema mkinishonea kola zangu nitawasomea kitabu. Kitabu kilikuwa kile chako cha kwanza, Shangazi akiwa na lori lake kuukuu, akibeba mizigo ya watu kutoka mji hadi mji na kuingilia yasiyomhusu. Tangu siku hiyo anayesoma hashoni, kazi yake inagawanywa kwa wenzake. Ndiyo maana kola za hapa hazifanani.

Mgeni rasmi, vitabu vyako huchelewa kutoka. Hatulaumu, lakini mwenye njaa hasubiri mpishi amalize usingizi. Tukaanza kujitungia safari za Shangazi ambazo wewe hukuziandika. Mwenzetu Mtia Vifungo alimpeleka kwenye harusi ya mdogo wake Shangazi, akamfanya agombane na wakwe. Mkata Nguo akawa anamchora kwa chaki kwenye vipande vya kitambaa vilivyobaki.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Katika mchoro wa kwanza kabisa, Shangazi alivaa kofia nyekundu. Mpiga Pasi, ambaye ni mtoto wa Bibi Sindano, aliweka pasi pembeni, akafungua kitabu cha pili, akasoma kwa sauti kwamba kofia ya Shangazi ni ya kahawia.

"Chaki ya kahawia hatuna," akasema Mkata Nguo.

"Basi usimchore."

"Kwani wewe shati la kahawia likikosekana, unatembea kifua wazi?"

"Ikiwa kitabu kimesema kahawia, ndiyo."

Na tunamjua, angetembea. Kwa uaminifu huo tukamchagua Katibu, tukampa ufunguo wa kabati la vitabu. Akatutungia kanuni moja, Lililochapwa Limechapwa. Hadithi inayofuata kitabu husomwa ndani. Hadithi inayopinda husomwa nje, barazani, na anayetaka kuisikiliza atoke. Haukupita muda mrefu, sote tukawa barazani. Ndani alibaki Katibu peke yake, dirisha wazi, akipiga pasi shati lile lile mpaka hadithi iishe.

TULIYOYAWEZA

Tumeweza mengi. Lori la Shangazi limechorwa kwenye ukuta ulio nyuma yako. Lina namba mbili za usajili kwa sababu kitabu cha tatu kinataja moja na cha nne kinataja nyingine, na Katibu hakukubali tuchague. Kovu la Shangazi liko shavu la kushoto katika kitabu cha pili na la kulia katika cha tano. Katibu anashikilia kwamba alijeruhiwa tena. Wengine tunadhani ulisahau. Hatuulizi.

Tumeweza pia kuelewana juu ya mipaka. Hata sisi wa barazani hatupindi ovyo. Mtia Vifungo aliwahi kumfanya Shangazi aogope mbwa, tukazomea wote, kwa kuwa yule si Shangazi tena, ni jirani yake. Kofia ibadilike rangi, mtu abaki yule yule. Katibu alisikia kutoka dirishani akasema, "Ehee!" Ndiyo siku pekee aliyotupongeza.

LINALOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, linalotusumbua ni kitabu cha saba.

Tulikisoma hapa, kazini, na tulipofika pale lori la Shangazi linapoteremkia darajani, vyerehani vyote vilisimama. Uliandika, "Shangazi alikanyaga breki, na breki hazikujibu." Tulilia. Mfuko mzima wa mashati ulikwenda shuleni siku hiyo bila vifungo. Watunzi wetu wakakimbilia barazani kumfufua, mmoja kwa kamba, mmoja kwa mti, mmoja akadai lori liliangukia kwenye marobota ya pamba. Katibu alisimama mlangoni akasema amekufa, tuheshimu, mwenye kitabu ameamua.

Wakati huo mama yake alikuwa amekwisha kupoteza macho. Kola humaliza macho, mgeni rasmi, sote tunalijua hilo na bado tunashona. Bibi Sindano alikuwa nyumbani, na mwanawe akawa anamsomea kila jioni vitabu vile vile alivyotusomea yeye. Sisi tulijua kwamba siku moja watafika darajani. Hakuna aliyethubutu kumuuliza Katibu ilikuwaje.

Tukaenda kumwona mama. Akatukaribisha, akauliza, "Nyinyi mmefika wapi? Sisi Shangazi amekwisha kuvuka, sasa yuko kwenye ule mji wa wachonga mawe, amewapatanisha."

Mji wa wachonga mawe haumo katika kitabu chochote. Mkata Nguo alikohoa. Katibu alikuwa jikoni akimimina chai, akaimimina mpaka kikombe kikafurika.

Tukaelewa. Mlinzi wetu wa kitabu, aliyetutoa nje kwa sababu ya kofia, alikuwa anapinda kuliko sisi sote. Kitabu kimekwisha zamani, naye bado anakisoma. Jioni anakifungua mwanzo, anageuza kurasa kwa utaratibu, na kutoka kinywani mwake inatoka miji ambayo wewe mwenyewe hukuijua. Nasi tuseme ukweli, ni mizuri. Wivu umetukamata.

Hatukumcheka. Tungemchekaje? Ila yeye anajicheka na kujihukumu peke yake. Ukali wake hapa kazini umezidi, na mwili umepungua. Ratiba ya leo, inayosema utatusomea sura ya mwisho ya kitabu cha saba, aliiandika yeye kabla mama yake hajasema anakuja. Mama aliposema anakuja, Katibu hakuifuta, kwa kuwa imekwisha kuchapwa. Jana aliunguza shati. Hatujawahi kumwona akiunguza shati.

TUNALOOMBA

Jana hiyo hiyo Mtia Vifungo alikwenda kumpima Bibi Sindano gauni la leo. Tunakuletea maneno yao kama yalivyokuwa.

"Mwanangu," akasema Bibi Sindano, "yule Shangazi alikufa, sivyo?"

Mtia Vifungo nusura ameze pini alizokuwa amebana kwa midomo.

"Usinijibu. Mtoto wangu husoma kama anavyopiga pasi, haachi mkunjo. Siku ile akasoma, Shangazi alikanyaga breki, akanyamaza. Akanyamaza, akanyamaza, ndipo akasema, zikajibu. Nikajua hazikujibu."

"Jamani, Bibi! Mbona hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Tangu baba yake atutoke, kwangu yeye ni shikamoo mama, umekula mama, basi. Sasa kila jioni ananikalisha chini ananitembeza dunia. Juzi kanipeleka mahali kuna mvua ya mawe, nikavuta shuka. Nikisema najua, atafunga kitabu, na mimi nitarudi kwenye shikamoo mama."

"Sasa kesho unakwenda kufanya nini, nawe unajua kitasomwa?"

"Nakwenda kumuuliza mwenye kitabu mbele ya mwanangu, Shangazi alivuka au hakuvuka. Mimi jibu ninalo. Ni yeye anayehitaji kusikia. Anadhani ananidanganya, na inamkondesha. Mtoto huyu hawezi kufanya kitu mpaka aone kimeandikwa."

Mgeni rasmi, hapo ndipo tulipo. Hatukuombi ubadilishe kitabu cha saba. Wengine wetu tulikuja na ombi hilo, lakini tumelirudisha kabatini. Wewe ndiye uliyekeshea lile daraja, na lililochapwa limechapwa. Wala hatukuombi useme uongo mbele za watu. Tunaomba kwanza usome sura nyingine, yoyote, hata ile ndefu ya bei ya matairi. Ratiba tumeziokota zote, tumezitumia kufungia maandazi.

Pili, bibi mmoja mwenye gauni la bluu ataletwa kwenye kile kiti cha mbele, na kijana wake atakaa pembeni yake akitazama viatu. Bibi atauliza lile swali. Tumebishana usiku kucha juu ya jibu. Wanaoshika kanuni ya Katibu wanasema useme ukweli wa kitabu. Wanaopenda kupinda wanasema useme alivuka. Alfajiri tukakubaliana kitu ambacho si hiki wala si kile, ambacho tunaamini mwandishi anaweza kukisema bila kuvunja heshima ya kazi yake, nacho ni kwamba akikuuliza, tunakusihi umwambie

Honi hiyo.

SHUKRANI

Mgeni rasmi, kwa niaba ya wenzangu, tunashukuru kwa kuja. Tunamshukuru meneja kwa viti. Tunawashukuru wote waliokata vitambaa vya Mkata Nguo ili yeye aandike.

Bibi Sindano, shikamoo. Pita mbele, kiti chako ni hiki, umependeza. Katibu, karibu, pole na safari. Tulikuwa tunamweleza mgeni habari za kofia. Ndiyo, tumemwambia ni ya kahawia.

Mgeni rasmi, tumalizie na dua. Mungu akupe kalamu isiyokauka na macho yasiyochoka. Awabariki wanaoandika, na wanaowasomea wenzao jioni, wakifika mwisho wa kitabu wapewe ruhusa ya kuendelea. Na leo ukirudi nyumbani, barabara ina kona na daraja pia, akulinde. Ukikanyaga breki, zikujibu.

Ni sisi wako, wa ndani na wa barazani,

Umoja wa Wasomaji wa Karakana, Lililochapwa Limechapwa.