Dawa ya Super ya Mihayo

Kijiwe chetu cha Dutwa kiko pembeni ya fundi baiskeli, na kahawa anauza Felisita. Tangu soko huria liingie, kila kitu hapa kimetanguliziwa super: Super Bucha, Super Saluni, hadi lile basi bovu la Bariadi. Neno lenyewe lilishanichosha, lakini asubuhi ile lilinitisha. Mzee Mihayo alifika, hata salamu hakutoa. Josho la kijiji limekauka tangu serikali ijitoe, kupe wanammaliza ng'ombe wake wa pekee, basi jana jioni akampaka dawa ya wadudu wa pamba, Super, aliyouziwa mnadani. Alichanganya kwa kipimo cha ile ya zamani. Kulipokucha ng'ombe anatoa udenda na kusimama hawezi.

Paschal, tunayemwita Mkurugenzi kwa kuwa aliwahi kufagia ofisi ya ushirika, akasema super ni nguvu maradufu, angepaka nusu. Joakim Redio akabisha.

— Super ni ya Ulaya. Ya Ulaya ina akili, inaua kupe tu.

— Mbona anatoa udenda? Mkurugenzi akamuuliza.

— Inapigana nao ndani. Dawa ya moto ni moto.

Mkurugenzi akashusha sauti.

— Mimi nasikia siku hizi super ni kitu ambacho hakuna aliyekipima. Mwenye duka anajiandikia tu.

Niliogopa kweli, maana kwangu sabuni ni super, chumvi super, hata dawa ya homa. Redio naye akazidi: eti inakaa damuni, ndama atakayezaliwa atakuwa super, na atakayekula nyama yake pia, kwani haba na haba hujaza kibaba. Hakuna aliyecheka.

— Niambieni basi, atapona? Mihayo akauliza. Sina mwingine.

Hapo akafika Benedikta, mke mpya wa fundi, aliyeolewa juzi kutoka Lagangabilili, kamletea mumewe uji. Akapiga goti, akatuamkia, mwangaluka. Alikuwa amesikia maneno ya mwisho.

— Bhabha, huyo ng'ombe leo amekamuliwa?

Mihayo akainuka. Alikuwa ametoka kwake mapema, wanawake wakiwa ndio kwanza wanawasha moto. Sote tunamjua mjukuu wake, ameachishwa ziwa mwezi huu, anaishi kwa maziwa hayo.

Mzee alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia.

Redio akaanza kueleza kitu kuhusu maziwa. Felisita akamwambia anyamaze.