Aliyekunja Bomba la Gari la Mgiriki

Wekeni chini huo ungo wa karanga, vidole vyangu vimechoka kumenya. Nusu imebaki, Chola atamalizia kesho, nikiwapo au nisipokuwapo, kwa maana karanga hazijui msiba. Nimemsikia Kafula. Ameingia na harufu ya samaki wake, hata viatu hajavua, akasema, "Mama, Davison ameshuka kwenye basi pale Kashikishi. Yuko na baba mdogo Misheck, na wamekodi baiskeli tatu za mizigo." Baiskeli tatu, wanangu. Mtu anayekuja kumjulia hali mgonjwa huja na kuku, au mikono mitupu na machozi, lakini hakodi baiskeli tatu za mizigo. Amesikia kwamba mimi, mke wa mjomba wake, niko mkekani, na amekuja kubeba vyombo vya karakana.

Kutoka Kashikishi mpaka hapa kwetu ni mwendo wa kutosha mimi kusema yangu. Sikilizeni basi, na mnisikilize kama mnavyosikiliza bei ya samaki, si kama mnavyosikiliza mahubiri. Kafula, funga mlango, moshi wa tanuri la samaki unanikohoza. Olipa, kaa hapa karibu, neno hili ni lako kuliko la wenzako.

Baba yenu Musonda, fundi wa bati na chuma, alipofariki mwaka wa hamsini na moja, desturi ya ukoo wake ilipita njia yake ya siku zote: mali ya mwanamume haishuki kwa watoto wake, inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Sikulia kwa hilo, ndivyo nilivyoolewa nikijua. Davison alivikwa ushanga mweupe wa mrithi, akapewa jina la mjomba wake, na tangu siku ile ninyi mnamwita baba, ingawa Olipa amemzidi miezi minne na alikuwa akimfuta kamasi. Nyundo, fuawe, mivukuto, vyote vikawa vyake. Yeye akabaki hapa akivitumia, nasi tukala kwa jasho lake na letu, kwa kuwa karakana haikujua kutofautisha.

Mwaka uliofuata akaja Bwana Manoli, yule Mgiriki mnunuzi wa samaki, na gari lake dogo la mashindano. Mnalikumbuka. La kijani, viti viwili, halina paa, chini chini kama mamba, lililoundwa kabla ya vita, naye alilipenda kuliko watu. Mawe ya barabara ya Mwansabombwe yalikuwa yameng'oa ekzosi yote, bomba la moshi na tungi la kunyamazisha sauti, kutoka penye injini mpaka mkiani. Gari lilinguruma hata kuku wa kule Kabuta waliacha kutaga. Moshi na moto vilitokea chini ya miguu yake, na sakafu ya gari lile ilikuwa ya mbao. Akashuka, akainua mguu, akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "Mama, angalia kiatu yangu, imeungua! Wiki mbili napeleka binti yangu kwa harusi Elisabethville. Atafika bibi harusi ao atafika nyama ya kuchoma?" Vyombo vipya vingetoka Ulaya, miezi mitano au sita. Aliambiwa Nchelenge kuna fundi Musonda. Hakujua kwamba Musonda yuko kaburini na Musonda mpya ana miaka kumi na minane.

Davison alikubali. Simlaumu kwa kukubali. Mimi ndiye niliyemkanyaga mguu akubali, maana unga ulikuwa umefika chini ya mtungi. Tulipata mabomba ya chuma kwenye boti bovu la mvuke lililolala ufukweni, unene ule ule uliotakiwa. Kazi ngumu ilikuwa kuyakunja, kwa sababu bomba la gari lile lilipita chini kama nyoka, likikwepa ekseli na sanduku la gia, na bomba likikunjwa hivi hivi linabonyea kama koo la kuku. Baba yenu alikuwa na njia yake: jaza bomba mchanga mkavu, ushindilie, ziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, pasha moto mpaka liwe jekundu, ndipo ukunje polepole, mchanga unalizuia lisibonyee. Njia hiyo Davison aliijua. Alichokosa ni neno moja tu, "mkavu".

Sisi watu wa ziwa tunauamini mno mchanga wetu. Tunasugulia sufuria, tunalazia mitumbwi, watoto wanajifunzia kutembea juu yake. Davison akachota mchanga mweupe wa ufukweni, akauanika juani asubuhi moja, akaushika, ukamwagika vidoleni kama unga, akasema umekauka. Lakini mchanga wa ziwa unakauka ngozi, tumboni bado umelibeba ziwa. Maji yale yalipopata moto ndani ya bomba lililozibwa pande zote, yakatafuta mlango. Kizibo kikaruka kama risasi, kikampiga Misheck begani, yeye aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitoa amri, na mchanga wa moto ukamwagikia sikio lake la kushoto.

Mnajua alichosema Misheck akiwa bado chini. Hakuuliza mchanga umetoka wapi. Alimwonyesha kidole Olipa, aliyekuwa akipuliza mivukuto, akasema, "Si niliwaambia? Mwanamke akisogelea moto wa mhunzi, chuma kinakataa! Ondoeni huyu mutoto mwanamuke hapa!" Na watu waliokimbilia kishindo wakatikisa vichwa kumkubalia, kwa sababu mwiko ni rahisi kuamini kuliko unyevu. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwanangu akatoka akiwa amejikunyata, na mimi mama yake nikamwona akitoka, nikamwacha aende.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hiki hakikuwa na mashahidi ila watu watatu: mimi, Olipa na Davison. Kesho yake Davison hakuamka. Alijifunika blanketi, akasema ana homa, na homa yake ilikuwa woga. Misheck alikuwa kwa mganga wa bega. Olipa akaingia jikoni kwangu, akachukua kikaango cha karanga, akamimina mchanga, akaanza kuukaanga akiugeuza kwa mwiko wa ugali. Akaufunika kwa sahani baridi ya bati. Alipoiinua, sahani ilikuwa inatoka jasho. Akaifuta, akaendelea kukaanga. Mara ya nne sahani ilitoka kavu kama mfupa, akaniangalia, akasema, "Mama, sasa huu ni mchanga." Miaka saba nilisoma kwa masista wa Pweto, hesabu na Biblia na kushona, na hakuna sista aliyenifundisha jambo zuri kama sahani ile.

Akalala chini ya gari la Mgiriki na waya wa kuanikia samaki, akaukunja kufuata kila kona, hapa panda, hapa shuka, hapa kwepa, mpaka waya ukawa kivuli cha bomba lenyewe. Mimi nikapuliza mivukuto. Ndiyo, mimi, mjane mwenye mabega haya mnayoyaona, na chuma hakikukataa. Kilikuwa chekundu kama kawaida yake. Tulikunja mikunjo mitano kwa siku mbili. Tungi la kunyamazisha alilifanya kwa bati la pipa, akalifunga mishono kama ya ndoo, mshono mara mbili, ndani akaweka bomba lililotobolewa matundu mengi, na kulizunguka akasokota ile kamba nyeupe isiyoungua iliyokuwa imefungiwa mabomba ya boti. Alipokosea matundu alibomoa yote, akaanza upya, nami nilitaka kumpiga kwa hasira ya kupoteza muda. Leo nashukuru sikumpiga.

Bwana Manoli aliwasha gari. Wanangu, mimi nimezaa mara sita na kuzika mara tatu, si mtu wa kusisimka. Lakini gari lile lilipowaka, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayejisomea kitabu. Mgiriki alizima, akawasha tena, kama hakuamini. Akauliza, "Nani amefanya?" Davison alikuwa ametoka blanketini, amevaa aproni ya mjomba wake. Akaniangalia. Misheck alikuwepo na bega lake lililofungwa, na nusu ya mtaa ilikuwepo. Nikasema, "Fundi Musonda." Sikusema uongo, Davison alikwisha kupewa jina hilo. Na hapo ndipo nilipomwibia binti yangu.

Niliwaza hivi: nikisema ni Olipa, Misheck atazuia kazi zote, watu wataogopa vyombo vilivyoguswa na mwiko. Nikisema ni Davison, tutakula. Bwana Manoli akampa Davison barua ya sifa, na barua ile ikampeleka gereji ya Kitwe, naye akaniambia kwa siri mlangoni, "Mama, vyombo vitumieni, mimi nina vya wazungu sasa." Miaka sita tumevitumia. Mficha uchi hazai, nami nilificha, na kweli jina la Olipa halikuzaa kitu. Ndoo zote alizounda, matanuri yote, vishikizo vyote vya makasia, vinaitwa kazi ya karakana ya Musonda.

Lakini jambo moja hamlijui. Bwana Manoli si mjinga. Aliporudi kutoka harusini aliniletea jiliwa la kubania vyuma, lile zito lililofungwa kwenye meza, akasema, "Mama, hii si ya fundi. Ni ya ule mwenye mikono imeungua." Mikono ya Davison haikuwa na hata lengelenge. Nikalipokea, nikalifunga mezani, nikaacha kila mtu aamini ni la baba yenu.

Basi huu ndio wosia wangu. Nyundo tatu, fuawe na mivukuto ni vya Davison. Vipakieni ninyi wenyewe, msimwache apakie kama mwizi, na asiwepo wa kununa. Jiliwa halitoki. Ni la Olipa, alipewa kwa kazi ya mkono wake, na kwa kuwa yeye ni wa ukoo wangu, si wa Musonda, hakuna mpwa wa mtu atakayelirithi. Kafula, nyavu zako unazo; wewe utamtafutia dada yako fuawe jingine, hata kipande cha reli, ulipate hata kwa kukopa samaki wa msimu. Chola utamaliza shule, sitaki kusikia habari ya kuolewa mapema. Misheck nimemchukia miaka sita, na chuki ile nimechoka kuibeba, naiweka hapa mkekani, asiichukue mtu.

Na jina... nipe maji, Chola. Kidogo tu. Jina nataka lirudishwe na aliyelichukua. Mimi nikilisema ni maneno ya mgonjwa.

Hao wanapiga hodi. Fungua, Kafula. Karibu, Davison. Karibu, shemeji Misheck, kaa upande huu, sikio lako zima linielekee. Umenenepa, Davison, Kitwe inakulisha. Usilie bado, sijafa. Usiniulize hali. Mimi nakuuliza moja, mbele ya mjomba wako na mbele ya hawa unaoitwa baba yao: bomba la gari la Mgiriki nani alilikunja?

Unaangalia chini. Hapo chini hakuna jibu, ni mkeka tu.

Sema kwa sauti. Rudia, Misheck hajasikia.

"Mchanga mbichi niliuleta mimi. Bomba alikunja Olipa." Umesikia, shemeji? Hata wewe, bega lako halikupigwa na mwanamke, lilipigwa na maji. Hapana, usimjibu, Olipa. Usicheke pia. Haya, cheka kidogo.

Davison, umelipa leo kuliko ungelipa kwa ng'ombe. Chukua vyombo vya mjomba wako, na jina lake ulibebe vizuri. Mungu wa baba zenu awape mikono isiyoogopa moto, na vinywa visivyoogopa watu. Watoto wenu wale mlichotengeneza wenyewe. Atakayemnyima mwenzake jina la kazi yake, chuma kimlalie baridi... basi, nimemaliza. Sauti inakwisha.

Pakueni. Nasikia ugali umeiva. Dagaa wa chisense wapo, na yule samaki mkubwa wa Kafula msimfiche, wageni wamemwona. Mnawisheni Misheck kwanza.

Nipeni mto niwaone. Kafula. Chola. Misheck... Davison, sogea, usikae mlangoni kama mdai. Olipa... Olipa uko wapi? Ah. Umeshika sinia.

Wote mpo. Kuleni.