Mama Daftari, Aliyechora Watu wa Bustani

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Daftari, alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba alikuwa seremala katika karakana ya reli na mama alishona sare za shule. Mama alisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kutazama. Alikuwa akimkazia mgeni macho mpaka mgeni anaanza kujikagua vifungo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya wasichana hadi 1976. Siku moja mwalimu wa jiografia aliwataka wachore mto na vijito vyake. Yeye alichora mto, vijito, na wanawake watatu wakifua, mmoja akimrushia mwenzake maji.

"Nimeomba mto," mwalimu alimwambia, "sijaomba kufua."

"Lakini mwalimu, mto wenyewe hauko peke yake."

Alipewa tisa kwa kumi, na ile alama moja aliinung'unikia mpaka mwisho wa muhula.

Baada ya kupata cheti cha uchoraji ramani, aliajiriwa na idara ya maji tarehe 5 Februari 1979, akafanya kazi hapo kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kuonyesha mabomba yalipopita chini ya ardhi. Hakupenda kubahatisha. Pale asipokuwa na hakika alivaa buti na kwenda kupima mwenyewe. Fundi mmoja wa idara, ambaye tunaye hapa leo, alizoea kuwaambia wenzake: "Dada akisema bomba liko chini ya kitanda chako, we hamisha kitanda."

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na fundi wa saa mwenye kibanda karibu na lango la bustani ya mjini. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1983 na mwana mwaka 1987. Walikubaliana wawe wanakula chakula cha mchana pamoja bustanini, saa sita na nusu. Shemeji yetu atatusamehe tukisema kwamba hakuwahi kufika saa sita na nusu. "Saa za watu wote mjini unaziweka sawa," marehemu alimwambia, "ya kwako nani ataiweka?" Ili asikae bure akimsubiri, Machi 1986 alinunua daftari lisilo na mistari na kuanza kuchora waliokuwa mbele yake.

Alichora wanawake wa mazoezi wakinyoosha migongo, kwaya ikijaribu sauti karibu na bomba la maji, watoto wakikimbia na magunia, foleni ya siku ya kuchangia damu, na bwana harusi akifungwa kamba za viatu na mama yake. Chini ya kila mchoro aliandika tarehe, saa, na maneno machache aliyoyasikia. Chini ya wazee wawili wa drafti, Novemba 1993, aliandika hivi: "Umesogeza kete nilipokohoa." "Na wewe kikohozi chako kinakuja tu ukizidiwa." Ukipitia madaftari yale utadhani wale wazee bado wanabishana.

Kuna jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisomwe leo, bila kupunguzwa. Septemba 2004 maktaba ya mtaa ilimwomba michoro arobaini ya kutundika ukutani kwa wiki moja. Mmoja aliuchora alipopita bustanini akitoka kupima bomba, Jumanne, tarehe 11 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi: mwanamume mwenye tai amelala kwenye benchi, viatu vimepangwa chini, mkoba umewekwa chini ya kichwa badala ya mto. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote. Siku ya tatu aliingia mama mmoja kurudisha kitabu cha mtoto, akamwona mumewe ukutani. Kumbe bwana huyo alikuwa amepoteza kazi tangu Machi, na hakuwa na ujasiri wa kusema nyumbani. Kila asubuhi alipigiwa pasi shati, akaaga, akaenda bustanini. Mkewe alitoka maktaba moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

"Ofisi yako nzuri," alimwambia mbele za watu. "Ina upepo."

Habari zilipomfikia, marehemu aliuondoa mchoro siku hiyo hiyo, na jioni akaenda na mumewe kuomba radhi. Bwana yule aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha ndani. "Mama, kazi niliipoteza mwenyewe, hilo si lako," alisema. "Lakini aibu ilikuwa yangu, na ningeitoa mwenyewe kwa wakati wangu. Wewe umeitundika."

Marehemu alirudi nyumbani na mumewe. Aliyafungia madaftari kabatini, na kwa mwaka mmoja na miezi mitano hakuchora. Alikwenda bustanini kama kawaida, akakaa mikono mapajani, akitazama chini. Ndicho kipindi pekee ambacho fundi wa saa alifika saa sita na nusu kamili kila siku, asimwache peke yake.

Februari 2006 bwana yule alimfuata kwenye benchi akiwa na ovaroli ya kijani. Mkewe, hasira zilipopoa, ndiye aliyemsukuma aombe kazi ya kutunza bustani hiyo hiyo.

"Dada, umeniacha nimelala mwaka mzima. Nichore nikiwa macho."

"Penseli sina."

Bwana yule akatoa moja mfukoni, na marehemu akachora. Alipomaliza, bwana yule aliukagua mchoro kwa muda mrefu. "Pua si yangu, lakini nakubali."

Tangu siku hiyo marehemu hakuondoka bustanini kabla hajamwonyesha mtu mchoro wake. Aliyekataa alichaniwa ukurasa na kukabidhiwa. Tumehesabu kurasa 212 zilizochanwa, mmoja kwa sababu aliyechorwa alionekana amevaa kofia ya shemeji yake, ambayo alikuwa amekana kuichukua.

Lakini yalibaki madaftari thelathini na saba ya kabla ya hapo, yenye watu ambao hawakuulizwa. Alipostaafu, Juni 2013, aliyachukua moja moja na kuzunguka nayo mitaani akiuliza, "Huyu unamjua?" Kwa orodha yake walikuwa watu 1,146. Mtunza bustani alimsaidia kuwatafuta, na kwa waliofariki waliulizwa watoto wao.

Oktoba 2022 alianza kuishiwa pumzi, na madaktari wakaona moyo umechoka. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho kufika bustanini ilikuwa tarehe 9 Mei mwaka huu. Julai alituita nyumbani, akaagiza kurasa za madaftari wagawiwe waliochorwa. Mumewe akamuuliza, "Ukiyagawa yote, mimi nibaki na nini?" "Wewe nimekuchora mara mia nne ukija umechelewa," alisema. "Kurasa hizo hazigawiwi." Alicheka mpaka binti yake akamshika mgongo. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, kaka mmoja, dada wawili, na marafiki wa bustani, akiwemo mtunza bustani na mkewe.

Katika wale 1,146 aliwapata 689. Ikiwa ulipita bustani ile kati ya 1986 na 2004, mwone shemeji yetu kibandani kwake, umtajie mwaka na ulichokuwa ukifanya. Utafunguliwa daftari ukiwa peke yako. Ukijiona na ukapenda, chukua ukurasa wako. Usipopenda, uchane hapo hapo, hakuna atakayekuuliza sababu.

Dada yetu, pumzika kwa amani. Hao 457 waliobaki, tutawauliza sisi.